Jabia la bibi limegeuka rangi: chumvi, jua na viumbe wa maji baridi

Swali: "Asalaam aleikum mwalimu. Naandika kutoka Langoni, Lamu. Uani kwetu kuna jabia la zamani la chokaa la kuvunia maji ya mvua, lina samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu kama walivyozoea wazee. Mwaka jana upepo uling'oa makuti yaliyolifunika, nasi hatujaezeka tena. Tangu Kaskazi ianze maji yamepungua, tunaongezea ya kisima, ambayo yamekolea chumvi kidogo. Sasa maji ni ya kijani, na ukutani, pale yaliposhuka, kumebaki mkanda mwekundu kama damu iliyokauka. Vile vijani vinavyoelea nilivyopewa na mfugaji samaki wa Mpeketoni vimepauka na kuachana kimoja kimoja. Alfajiri samaki hupanda juu wakitafuta pumzi. Bibi anasema kuna jambo, haya si maji ya kawaida. Fundi mmoja ameniambia nimwage mrututu, ile dawa ya bluu ya shaba, mwingine anasema klorini, jirani anasema tuyachemshe tunywe. Nifanye nini, na viumbe hawa wamepatwa na nini?"

Waaleikum salaam warahmatullah, mwanangu. Mfikishie bibi salamu zangu na umwambie hakukosea. Kuna jambo, na jicho lake limeliona mapema.

Ya haraka kwanza. Mrututu usimwage. Klorini usitie kwa sasa. Na maji hayo msiyanywe wala msiyapikie, hata yakitokota nusu saa; nitakueleza kwa nini kuchemsha si kinga hapa. Kwa siku hizi chache tafuteni maji ya kunywa kwingine.

Sasa tuzungumze kwa utulivu.

Umenitajia kijani cha maji, wekundu wa ukuta na weupe wa vijani. Mtu akiviona pamoja atadhani jabia lina maradhi matatu. Mimi naona jambo moja: jabia limevuliwa kivuli, likakaushwa na jua, kisha likaongezwa chumvi kidogo kidogo, na kila kiumbe aliyemo anajihami kwa njia aliyojaliwa. Ukizijua njia hizo, utajua pia la kufanya.

Naanza na wekundu kwa sababu ndio unaotisha, ilhali ndio usio na madhara. Mkanda mwekundu kwenye ukuta wa tangi la maji ya mvua lililo wazi juani, pale maji yaliposhuka, mara nyingi ni kazi ya mwani mdogo sana uitwao hematokokasi. Huu hauishi baharini. Makazi yake ni madimbwi ya mvua, vishimo vya majabali, vyungu vya kunyweshea ndege na matangi kama lenu, yaani maji machache ambayo leo yapo na kesho hayapo. Maji yakiwa tele na chakula kipo, kila seli yake ni ya kijani, ina mikia miwili na inaogelea. Jua likizidi, chakula kikipungua au chumvi ikipanda, seli hiyo hupoteza mikia, hujiviringa, hunenepa, hujijengea ukuta mzito, na ndani yake huanza kupika rangi nyekundu iitwayo astazanthini. Rangi hiyo huweza kufika asilimia 4 ya uzito wa seli iliyokaushwa, na kwa rangi hicho ni kiasi kikubwa mno. Hufanya kazi ya mwavuli: huzuia mwanga usiichome klorofili iliyo ndani, ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, na hutuliza zile oksijeni kali zinazozaliwa seli inapopigwa na jua bila kuweza kulitumia.

Jamaa za rangi hiyo unazijua tangu utotoni. Heroe, wale ndege wa waridi, wanaotua kwenye mlango wa mto Sabaki, kaskazini kidogo mwa hapa ninapoishi Malindi, hawazaliwi na rangi yao ile. Makinda yao ni ya kijivu. Waridi wanaupata kwenye chakula, kutoka kwa rangi za ukoo huohuo. Na huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaoufuga mwani huu makusudi, wanautesa kwa jua na njaa ili uwe mwekundu, kisha wanauvuna na kuuza astazanthini yake. Kwa hiyo kile bibi anachokiona kama damu ukutani, kwingine ni mali.

Seli hizo za ukutani hazijafa. Kwangua kidogo kwa kisu, tia kwenye glasi ya maji ya mvua safi, iweke dirishani pasipofika jua kali. Baada ya siku chache utaona maji yanaanza kuwa ya kijani. Mwonyeshe bibi, nadhani atafurahi.

Nyumba kongwe za Lamu zilijengwa na watu walioyaelewa maji. Ndani ya birika, yaani tangi la maji la nyumbani, chini kabisa, mafundi walikuwa wakijengea bakuli la kaure, ili maji yakitekwa mpaka karibu kwisha, samaki wapate pa kukimbilia mpaka birika lijazwe tena. Nimeliona bakuli la namna hiyo mara nyingi na kila mara hunijia wazo lilelile: kila kiumbe wa maji baridi ana bakuli lake. Hematokokasi bakuli lake ni ule ukuta mzito na ile rangi. Bakteria wengine wa udongoni na wa majini hujifunga ndani ya mbegu ngumu zinazostahimili ukavu na hata maji ya moto. Ile jeli ya kijani cheusi inayojitokeza uani siku ya pili ya mvua, watu wakateleza, ni nostoki; juani hukauka ikawa kama ganda la karatasi iliyoungua, ikakaa hivyo miaka mingi, na tone la mvua likiiangukia hurudi kupumua muda si mrefu. Yungiyungi wa ziwa la Jilore, Sabaki isipofurika na ziwa likashuka, huacha majani yaoze na kubaki kwa viazi vyake ndani ya tope. Kwenu kaunti ya Lamu mliona ukame wa 2016 na 2017 ulivyolimaliza Ziwa Kenyatta hapo Mpeketoni mpaka viboko wakabaki matopeni. Mvua iliporudi, hakuna aliyekuja kupanda chochote, na bado uhai wa maji ukarudi, kwa kuwa mbegu, viazi na seli za kulala zilikuwa chini zikisubiri.

Hayo ni mazuri. Kijani cha maji ndicho kinachonitia hofu.

Maji ya kijani yaweza kuwa ya mwani wa kawaida, ambao hauna neno kubwa, au ya sianobakteria, yaani bakteria wanaojilisha kwa mwanga wa jua kama mimea, ambao baadhi yao hutoa sumu. Kwa macho si rahisi kuwatenganisha, lakini kuna kipimo cha nyumbani kinachosaidia. Vaa glavu, chukua chupa ya kioo iliyo safi, ijaze robo tatu kwa maji ya juu ya jabia, funga, kisha iweke kivulini pasipotikiswa usiku kucha. Asubuhi itazame bila kuigusa. Kijani kikiwa kimetua chini, kuna uwezekano mkubwa ni mwani wa kawaida. Kikiwa kimepanda juu na kufanya utando, mfano wa rangi ya mashua iliyomwagika, wachukulie ni sianobakteria na maji yote ya jabia yahesabu ni ya sumu. Kipimo hiki hakimalizi kila shaka, maana wapo sianobakteria wasioelea, kwa hiyo kijani kikitua chini bado usikimbilie kunywa. Lakini kikipanda juu hakuna haja ya kubishana.

Wanapanda kwa nini? Ndani ya seli zao kuna vyumba vidogo vya protini vyenye hewa tu. Maji yakitulia na kupata joto, mwani mwingine huzama gizani, wao hupanda kwenye mwanga kama boya. Hii ni mojawapo ya silaha za kundi kongwe mno. Hao ndio waliotangulia kuijaza dunia oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Joto la maji likipita nyuzi 25 wengi wao hustawi kuliko washindani wao, na jabia lisilo na makuti wakati wa Kaskazi hupita hapo bila taabu.

Na njaa nayo wana dawa yake. Nitrojeni ikiisha majini, baadhi ya sianobakteria wanaoishi wakiwa wameshikana kama ushanga hufanya jambo ambalo sijawahi kulizoea, ingawa nimeliona kwenye hadubini mara nyingi. Katika mkufu wa seli, takriban kila seli ya kumi hubadilika ndani ya siku moja. Huacha kutengeneza oksijeni, hujizungushia kuta nzito zinazoizuia hewa kuingia ovyo, na huanza kunasa nitrojeni ya hewani na kuwagawia jirani zake wa kushoto na kulia, nao wanailisha sukari. Seli hiyo haitagawanyika tena maisha yake yote. Imejitoa kwa ajili ya mkufu. Jamaa wa viumbe hawa huishi ndani ya majani ya azola, ule mmea mdogo unaoelea kwenye mashamba ya mpunga, na wakulima wa Asia wameutumia kwa karne nyingi kama mbolea. Kwa hiyo siwachukii sianobakteria. Nawahofia wakiwa ndani ya maji ya kunywa.

Sumu yao ijulikanayo zaidi ni mikrosistini, na inapiga ini. Kwetu Kenya inafahamika sana Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, ambako maji hugeuka kijani kizito. Jirani yako ana nia njema, lakini kuchemsha huua viumbe wenyewe tu. Sumu yao haivunjwi na moto wa jikoni. Seli zikipasuka kwa moto, sumu iliyokuwa imefungiwa ndani humwagika kwenye maji, na kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke, inayobaki sufuriani hukolea zaidi. Mrututu na klorini hufanya vivyo hivyo: hupasua seli kwa mkupuo mmoja.

Nikupe mfano mmoja unaojulikana. Mwaka 1979, katika kisiwa cha Palm huko Australia, bwawa la maji ya kunywa liligeuka rangi na watu wakalalamikia ladha na harufu. Wenye dhamana wakatia mrututu kuua kilichomo. Siku chache baadaye watu 148, wengi wao watoto, waliugua ini na figo. Walipona, alhamdulillahi, lakini chanzo kilichukua muda mrefu kujulikana: sianobakteria wa bwawa lile walikuwa wamebeba sumu ambayo baadaye iliitwa silindrospermopsini, na mrututu ukaifungulia njia. Hiyo ndiyo sababu nimekuandikia mrututu usimwage kabla hata sijakujibu swali. Tena mrututu huo ungewamaliza samaki wenu siku hiyohiyo. Niliwahi kuitwa kwenye bwawa la mapambo la hoteli moja hapa pwani baada ya mtunza bustani kuambiwa atie mrututu. Maji yalikuwa meupe, mazuri kwa macho, na hapakuwa na kitu chochote hai ndani yake.

Sasa chumvi, ambayo naona ndiyo kiini cha barua yako ingawa wewe umeigusia tu.

Umewahi kuona papa akitiwa chumvi. Chumvi inakaa nje, na maji ya ndani ya nyama yanatoka kuifuata mpaka nyama inakauka. Seli ya maji baridi ikikutana na chumvi hupatwa na hilohilo. Kwanza maji huitoka, nayo hunywea. Halafu, ndani ya dakika na saa, chumvi yenyewe hupenya na kuingia, nako ni hatari ya pili kwa sababu sodiamu huvuruga protini zinazofanya kazi humo. Kiumbe mwenye uwezo hufungua pampu za kuisukuma sodiamu nje, kisha hujitengenezea kitu kitamu cha kujaza nafasi: sianobakteria wa maji baridi wengi hupika sukrosi na trehalosi, na mwani fulani wa chumvi nyingi hupika gliseroli. Sukari hiyo haidhuru protini, na inayavuta maji yabaki ndani. Ni kama seli imejigeuza tamu ndani ili isinyonywe na chumvi ya nje.

Lakini sukari hiyo ilikuwa ya kukulia na ya kuzalia. Kila inachotumia kujihami kimetoka kwenye akiba hiyo. Ndipo jua linapoingia. Mashine inayonasa mwanga ndani ya seli ya kijani ina protini moja ambayo huharibiwa na mwanga kila siku, hata siku njema. Seli huing'oa na kuweka mpya, mchana kutwa. Wataalamu wa Japani walioichunguza kwa miaka mingi waligundua kwamba chumvi na joto haviongezi sana uharibifu wenyewe. Vinachozuia ni ukarabati. Wewe ni mtu wa Lamu, utanielewa nikikupa mfano wa jahazi. Hakuna jahazi la mbao lisilovuja. Huvuja safari nzima na huelea safari nzima, kwa sababu yupo mtu ngamani, chini kabisa ya jahazi, anayekumba maji. Siku mtu huyo akiitwa kwenda kuvuta kamba, tundu halijaongezeka hata kidogo, na bado jahazi litajaa. Seli iliyo kwenye chumvi imemwita mtu wake wa ngamani aje kupambana na chumvi. Ndiyo sababu jua ambalo miaka yote lilivumilika, mwaka huu limeangamiza, na ndiyo sababu nasisitiza makuti kuliko dawa yoyote.

Vijani vyako vya Mpeketoni vinaonyesha hayo waziwazi. Kwa maelezo yako ni lemna au nduguye wa karibu, miongoni mwa mimea midogo kuliko yote inayotoa maua. Vikiwa na raha hukaa vimeshikana viwili, vitatu, vinne, mama na watoto. Chumvi ikipanda, viungo vinavyowashikanisha hukatika, kila kijani kikaenda zake. Hiyo ndiyo ile hali uliyoiona ya kuachana kimoja kimoja. Kisha klorofili huvunjika, rangi ikapauka kuanzia ukingoni, mizizi ikadondoka. Kinachonishangaza kila nikivipima ni kwamba kijani kilichosimama kukua huwa kimejaa wanga; kimeacha kuzaa, kikaweka akiba. Aina nyingine ya ukoo huo, fosforasi ikipungua, huzaa chipukizi dogo zito lililojaa wanga, likazama chini na kulala mpaka mambo yabadilike. Bakuli jingine hilo.

Kuwa na njaa tu kungeonekana tofauti. Vikikosa nitrojeni au fosforasi, mizizi hurefuka, inatafuta. Wewe hukutaja mizizi mirefu, umetaja kupauka na kuachana, kwa hiyo nasema ni chumvi. Kwa kawaida lemna huanza kudumaa chumvi ikikaribia gramu 3 kwa lita, na ikipanda kuelekea 6 nyingi hufa. Maji ya bahari, kwa kulinganisha, yana kama gramu 35.

Utaniuliza: ulimi hauwezi kuonja kabla ya hapo? Unaweza. Ulimi usiozoea hutambua chumvi ikiwa karibu nusu gramu kwa lita. Lakini nyinyi mmekunywa maji ya kisima hicho miaka, na ulimi huzoea. Lemna haizoei.

Na angalia hesabu ya kuongezea. Tuseme jabia lina lita 3,000 na kila lita ina gramu 1 ya chumvi. Jua likavukisha lita 1,000, chumvi haikuondoka, kwa hiyo zilizobaki zina gramu 1.5 kila lita. Mkaongeza lita 1,000 za kisima zenye gramu 1: sasa ni gramu 1.33. Jua likavukisha tena, mkaongeza tena: 1.67. Maji mnayoteka hupunguza kidogo kasi hiyo, lakini mwelekeo ni mmoja, na kiangazi ni kirefu. Ukitaka kujua mmefika wapi na huna kipimo cha umeme, chemsha lita moja kamili kwenye sufuria safi mpaka ikauke kwa moto mdogo, kwangua mabaki yote, umpelekee sonara akupimie kwa mizani yake. Mabaki hayo yatakuwa na chokaa pia, lakini yatatosha kukupa picha.

Nisipolisema hili la kisima nitakuwa nimekuficha. Kisiwa chenu hakina mto. Maji yake baridi ni mvua iliyozama mchangani, hasa kwenye matuta ya Shela, ikatulia juu ya maji ya bahari yaliyojaa chini kwa sababu yenyewe ni mepesi zaidi. Kwa kanuni ya wataalamu wa maji ya ardhini, kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huwa na kama mita 40 chini ya usawa huo zinazoizuia bahari. Kanuni hiyo hurudi nyuma vilevile: ukishusha maji ya kisima kwa sentimita 10 ukayaacha hivyo, bahari chini hupanda kama mita 4. Ndiyo maana visima vya kisiwani hutaka kutekwa kidogo kidogo, ndoo kwa ndoo, na hukasirika vikitiwa pampu kubwa. Naomba sana watu wa Lamu wayatazame matuta yale kama tangi lao, wasiyaone kama mchanga usio na mwenyewe au kiwanja kinachongoja nyumba. Kila paa na sakafu inayowekwa pale ni mvua isiyozama.

Samaki wa alfajiri ni jambo fupi. Mchana kijani hutoa oksijeni, usiku nacho hupumua kama wewe na mimi, na jabia zima hushindania kilichobaki. Karibu na alfajiri ndipo oksijeni huwa chini kabisa. Maji ya moto tena hubeba oksijeni kidogo kuliko ya baridi. Ukitikisa maji kwa kuyachota na kuyamimina mara kadhaa kabla ya kulala na tena baada ya sala ya alfajiri, utawasaidia.

Liko jingine hukuliuliza. Umeandika maji yamekolea chumvi kidogo, na kidogo hicho ndicho kipindupindu kinachokipenda. Bakteria wake ni mwenyeji wa maji ya mchanganyiko, yasiyo ya bahari wala ya mvua. Akikosa chakula hunywea akawa kitone kidogo, akalala, na akiwa hivyo vipimo vya kawaida vya kumwotesha huweza kumkosa. Hupenda pia kujishikiza kwenye vijidudu vinavyoruka-ruka majini ambavyo jicho kali huviona kama nukta. Kwa sababu hiyo, huko Bangladesh watafiti waliwafundisha wanawake wa vijijini kuchuja maji kwa sari kuukuu ya pamba iliyokunjwa mara kadhaa, na katika matokeo yaliyochapishwa 2003 kipindupindu kilipungua kwa karibu nusu. Kwetu leso kuukuu ya pamba ikikunjwa mara nne au zaidi, ifuliwe na kuanikwa juani kila siku, ni ya kazi hiyohiyo kabla ya kuchemsha. Lakini nirudie: leso na moto ni kwa vijidudu vya maradhi. Kwa sumu ya sianobakteria havifai kitu. Msivichanganye viwili hivi.

Basi ufanye hivi. Leo hii tafuta chochote cha kutia kivuli, hata tanga kuukuu, mpaka makuti yapatikane. Acha nafasi hewa ipite. Acha kuongezea maji ya kisima ndani ya jabia. Ya kisima yawe na pipa lake. Fanya kile kipimo cha chupa. Kijani kikipanda juu, maji ya jabia yasitumike kunywa, kupikia, kuogea watoto wala kunyweshea mbuzi au paka, na mkono wenye kidonda usitiwe. Msiyamwagie mboga za majani pia. Kikitua chini, endeleeni kuyatumia kwa kuosha sakafu na chooni.

Ukiacha ile chembe ya kumwonyesha bibi, usikwangue ukuta sasa wakati maji yamo. Ngoja jabia lishuke kabisa karibu na masika, ukwangue na kusugua kwa brashi na maji matupu, sakafu na kuta, tope lote litoke. Utelezi wa ukutani ni nyumba ya bakteria, wamejigandisha pamoja kwenye ute wao, na wakiwa humo klorini huwafikia kwa shida, brashi huwafikia. Paa nalo lisafishwe. Kinyesi cha kunguru na njiwa ndicho kinachowapelekea fosforasi, na bila fosforasi kijani kile hakikolei hata jua liwe kali namna gani. Mvua ya kwanza iachieni imwagike, muanze kuvuna ya pili.

Wekundu utabaki ndani ya vinyweleo vya chokaa hata usugue vipi. Uache.

Na samaki wa bibi: wahamishe jioni, jua likishapoa, usiwatie kwa mkupuo kwenye maji mageni. Watie kwenye ndoo pana yenye maji ya jabia nusu, kisha ongeza kata moja ya maji ya mvua au ya mtungi kila baada ya saa moja mpaka ndoo ijae, kwa sababu nao miili yao imezoea chumvi ya mle na mabadiliko ya ghafla huwaua. Wakae barazani penye kivuli, wapewe viluwiluwi wakipatikana. Jabia likijaa mvua, subiri siku mbili tatu maji yatulie, uwarudishe kwa taratibu ileile. Nawe ukishafanya kipimo cha chupa, niandikie umeona kijani wapi, juu au chini, na sonara amekuambia gramu ngapi.